Simu kiganjani, kompyuta mezani: Chombo cha masomo hufinyanga lugha ya mwanafunzi

MJADALA kuhusu masomo ya mtandaoni nchini huanza kwa swali moja: je, mtandao upo? Ukishapatikana, wengi wetu hudhani kazi imekwisha. Swali la pili huulizwa kwa nadra: mwanafunzi anaufikia mtandao huo kwa chombo gani? Anasoma kwenye kioo cha simu kinachoenea kiganjani, au ameketi mbele ya kompyuta yenye baobonye kamili?

Katika makala ya leo nitajikita katika kaunti za Kericho na Bomet, kwenye milima ya majanichai, ili kuonyesha kwamba swali hili la pili lina uzito kuliko tunavyodhani. Nitadai kuwa chombo hakibebi somo tu. Huamua mwanafunzi atasoma nini kwa makini, ataandika kiasi gani, na ataandika Kiswahili cha namna gani. Kwa hivyo ni suala la lugha sawa na lilivyo suala la teknolojia.

Tuanze na historia fupi. Machi 2020 shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya janga la Covid-19, wanafunzi waliambiwa wasomee nyumbani. Julai mwaka huohuo, kampuni ya Loon ikishirikiana na Telkom Kenya ilianza kusambaza mawimbi ya 4G kutoka kwa maputo yaliyoelea angani, takriban kilomita 20 juu ya vichwa vyetu. Huduma hiyo ilikusudiwa eneo la karibu kilomita mraba 50,000 la magharibi na katikati mwa nchi, na miongoni mwa sehemu zilizotajwa ni Kericho, Bomet, Narok, Kisii na Kisumu. Mawimbi yale yalifika moja kwa moja kwenye simu za watu. Januari 2021 Loon ilitangaza kwamba inafunga kazi, na maputo yakatoweka. Ila mazoea ya kusomea kwenye simu hayakutoweka. Vyuo vilipofunguliwa, makundi ya WhatsApp yalibaki, viungo vya vipindi vya video vilibaki, na kazi za kuwasilishwa mtandaoni zilibaki. Agosti 2023 serikali ilizindua Chuo Kikuu Huria cha Kenya kule Konza, ambacho masomo yake ni ya mtandaoni. Kwa kijana wa Litein au Longisa, hilo lina maana kwamba anaweza kusomea shahada bila kuhama kijiji, mradi awe na chombo.

Kiganja, paja na meza

Kiswahili kina tabia ya kukipa chombo jina kwa kuangalia mahali kinapokutana na mwili wa mtumiaji. Tunasema simu ya mkononi, au simu ya kiganjani. Tunasema kipakatalishi, kutokana na kitenzi pakata, yaani kuweka mapajani kama mzazi anavyompakata mwanawe. Wenzetu wa Tanzania husema kompyuta mpakato. Tena tuna kompyuta ya mezani. Najua wapo wanaopendelea tarakilishi, neno linalosemekana kuunganisha tarakimu na akili, na wapo wanaotumia rununu kwa simu. Sina ugomvi na istilahi hizo. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba majina haya matatu, la kiganja, la paja na la meza, yanatuambia jambo kuhusu usomaji wenyewe.

Kilicho kiganjani kinatembea. Husomwa ukiwa kwenye matatu kutoka Kapsoit hadi mjini, ukingoja foleni kwenye kituo cha kupimia majanichai, au kitandani taa ikiwa imezimwa. Kilicho mezani kinamtaka mtu aketi, atenge saa, na pengine afunge mlango. Wa kiganjani husoma vipande vifupi mara nyingi. Wa mezani husoma kipande kirefu mara moja. Tofauti hii haihusu akili ya msomaji. Ni umbo la siku yake, na chombo ndicho kinachochora umbo hilo.

Sasa nani ana kipi? Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba miongoni mwa Wakenya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi, asilimia 47.3 walimiliki simu ya mkononi, asilimia 22.6 walitumia intaneti, na asilimia 10.4 pekee walitumia kompyuta. Mambo yamebadilika tangu wakati huo, lakini uwiano wenyewe unajieleza: kwa kila Mkenya aliyetumia kompyuta, zaidi ya wanne walikuwa na simu. Kericho ilihesabiwa kuwa na watu 901,777 na Bomet 875,689, wengi wao wakiishi mashambani. Kwa familia nyingi za huko, simu hununuliwa kwanza; kipakatalishi, kama kitanunuliwa, husubiri bonasi ya chai, na hata hiyo bonasi ina karo, mbolea na mabati mbele yake.

Simu imefanya mengi

Hebu tuitendee simu haki. Nchi hii ina mfano mzuri wa safari kutoka mezani hadi kiganjani. Mwaka 2005 shirika la AMREF, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture, lilianzisha mpango wa kuwawezesha maelfu ya wauguzi wenye cheti kusomea stashahada bila kuacha kazi. Njia yao ilikuwa kompyuta zilizowekwa katika vituo vya mafunzo kote nchini. Muuguzi alitoka wadini, akaenda kituoni, akaketi mezani. Baadaye shirika lilo hilo lilipotaka kuwafunza wahudumu wa afya wa jamii, wale wanaopita nyumba kwa nyumba, liligeukia simu. Mfumo wao wa Leap ulitumia ujumbe mfupi na sauti zilizorekodiwa, tena kwenye simu za kawaida zisizo na intaneti. Mantiki ni wazi. Mhudumu wa jamii hana meza. Ofisi yake ni njia anayopita, na somo lazima litembee naye.

Mfano mwingine ni Shupavu 291 wa Eneza Education, ambao wanafunzi wa shule walibonyeza *291# na kupokea masomo na maswali kwa ujumbe mfupi. Hata kabambe, simu ile tunayoitania kwa jina la mulika mwizi, iligeuzwa darasa. Mtoto aliweza kujibu maswali ya Kiswahili au hesabu kwa simu ya babake jioni baba akirudi.

Kwa mwalimu wa lugha, simu ina neema moja zaidi ambayo kompyuta ya mezani haina kwa wepesi huo: sauti. Kikipsigis, sawa na lugha nyingine za Kikalenjin, hakitofautishi kifonimu sauti ghuna na zile zisizo ghuna. Yaani /p/ na /b/, /t/ na /d/, /k/ na /g/ hazibadilishi maana ya neno jinsi zinavyofanya katika Kiswahili. Matokeo yake, mwanafunzi anayeanza kujifunza Kiswahili huweza kusema amebata akimaanisha amepata, au akafuga gugu badala ya kuku. Hili si kosa la akili wala uzembe. Ni athari ya lugha ya kwanza, kama Mswahili anavyotaabika na sauti ambazo lugha yake haina. Dawa yake ni kusikia, kutamka na kusahihishwa, tena mara nyingi. Mwalimu anaweza kurekodi sentensi kumi kwenye WhatsApp, mwanafunzi akazisikiliza akienda kisimani, akajirekodi na kumrudishia. Maabara ya lugha ambayo chuo kingeigharimia mamilioni sasa imo mfukoni.

Panapoanza taabu

Taabu huanza somo linapokuwa refu. Mwaka 1988 mtaalamu wa saikolojia wa Australia, John Sweller, alichapisha kazi kuhusu mzigo wa akili katika kujifunza. Hoja ya msingi ni kwamba kumbukumbu tunayoitumia wakati wa kufikiri ni finyu. Ikijazwa na shughuli za pembeni, nafasi ya kuelewa jambo lenyewe hupungua. Yeye na wenzake walionyesha pia kwamba mchoro ukiwa hapa na maelezo yake kule, mwanafunzi hupoteza nguvu kwa kuvikutanisha akilini.

Tuchukue mfano wa shairi. Mwanafunzi amepewa shairi la beti saba na maswali manane. Kwenye kioo cha kompyuta anaweza kuliweka shairi kushoto na maswali kulia. Akiulizwa kuhusu kibwagizo, jicho linaruka na kurudi. Kwenye simu, shairi liko juu na maswali yako chini kabisa. Anasoma swali la tano, anapandisha ukurasa, anatafuta ubeti wa nne, anaupata, na akishuka tena amesahau swali liliuliza nini. Isitoshe, mshororo mrefu wenye mizani kumi na sita hukatwa katikati na kioo chembamba, hivyo vina vya ndani na vya mwisho havionekani mahali pake. Umbo la shairi, ambalo ni sehemu ya maana yake, limevunjwa. Mwanafunzi huyu akikosa swali la vina tutasema hajui ushairi, ilhali hajawahi kuliona shairi hilo likiwa zima.

Tusiifanye kompyuta kuwa malaika pia. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walikusanya tafiti 54 zilizohusisha zaidi ya watu 170,000 na kulinganisha usomaji wa karatasi na wa kioo. Karatasi ilishinda, hasa pale wasomaji walipokuwa na muda maalumu, na hasa kwa maandishi ya kutoa maarifa. Kwa hadithi tupu, tofauti haikuonekana. Utafiti huo haukuwa wa simu dhidi ya kompyuta, lakini unatukumbusha kuwa katika shindano hili kuna mshiriki wa tatu tuliyemsahau. Kurasa ishirini za isimu zilizochapishwa kwenye saiba huenda zikamfaa mwanafunzi wa Silibwet kuliko chombo chochote chenye betri.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Kuandika ndiko kwenye tatizo kubwa zaidi. Watafiti wa vyuo vikuu vya Ulaya wamepima kasi ya uchapaji kwa kiwango kikubwa. Utafiti wa 2018 uliohusisha watu 168,000 kwenye kompyuta ulipata wastani wa maneno 52 kwa dakika. Ule wa 2019, uliohusisha watu zaidi ya 37,000 kwenye simu, ulipata wastani wa maneno 36. Katika vipimo vya aina hii, neno huhesabiwa kuwa herufi tano.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia kwa kishindo. Lugha yetu ni ambishi bainishi. Tunaunganisha viambishi hadi neno moja libebe sentensi nzima. Chukua neno nitakapokuandikia. Lina nafsi, njeo, wakati wa tendo, mtendewa, mzizi na kauli ya kutendea, vyote katika herufi 17. Kwa kipimo cha watafiti hao, neno hilo moja ni zaidi ya matatu. Mwanafunzi anayelichapa kwa kidole gumba ana nafasi 17 za kukosea, na mfumo wa simu ambao haukuundwa kwa mofolojia ya Kibantu haumsaidii. Ukiwa umeachwa katika Kiingereza, humpigia mstari mwekundu karibu kila neno, au hulibadilisha bila kumuuliza. Anaandika kama, linatokea karma. Anaandika sana, linatokea sauna. Mara ya kumi amechoka, ameacha kuangalia.

Basi hufanya nini? Hukata. Viambishi huanza kudondoka, sentensi hufupishwa, na tarakimu huingia mahali pa silabi: 2taonana, nime4ka. Herufi x huchukua nafasi ya s. Sitaki kueleweka kwamba ninaulaumu mtindo huo. Katika ujumbe kwa rafiki, ni ubunifu wenye kanuni zake, na wanaisimu wameuchunguza kwa heshima. Tatizo ni kwamba simu moja hutumika kwa rejista zote mbili. Dakika moja mwanafunzi anataniana na wenzake kwenye kundi; dakika ya pili, kwenye kioo kilekile, kwa kidole kilekile, anatakiwa aandike insha ya kitaaluma kuhusu riwaya. Mezani kuna mabadiliko ya mahali na mkao yanayomwambia ubongo kwamba sasa tumeingia kazini. Kiganjani hakuna kizingiti cha kuvuka.

Lipo pia jambo ambalo mfumo wa kusahihisha tahajia hauwezi kuliona hata ukiwekwa katika Kiswahili. Turudi kwa ghuna na zisizo ghuna. Mwanafunzi akiandika doa badala ya toa, bata badala ya pata, gugu badala ya kuku, kila neno kati ya hayo limo kwenye kamusi. Mashine haitaona kosa. Mwanafunzi ataiamini, atawasilisha kazi, na mwalimu ndiye atakayeona. Kosa hili litapita kwenye kompyuta vilevile. Ila mezani mtu huwa na fursa nzuri zaidi ya kuiona aya nzima na kuipitia tena kwa jicho la mhariri. Kwenye simu huona mistari michache tu kwa wakati mmoja, kwa kuwa nusu ya kioo imemezwa na baobonye.

Lugha ya maagizo

Hebu tuangalie pia maagizo ya kozi zenyewe. Bofya hapa. Bofya kulia kisha uchague. Tumia puku kukokota jibu hadi kisandukuni. Tazama menyu iliyo upande wa kushoto. Maagizo haya yaliandikwa na mtu aliyeketi mezani kwa ajili ya mtu aliyeketi mezani. Kwenye simu hakuna puku, au kipanya kama wasemavyo Tanzania. Hakuna kubofya kulia. Menyu ya kushoto imekunjwa nyuma ya vistari vitatu vidogo kwenye pembe ya kioo, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana habari kwamba vistari hivyo ni mlango.

Kiswahili hakina upungufu wa vitenzi hapa. Simu huguswa. Ukurasa hupandishwa, hushushwa au huteleza. Picha hutanuliwa kwa vidole viwili. Mwandishi wa kozi anayejua kwamba wengi wa wasomaji wake wana simu ataandika: gusa vistari vitatu vilivyo juu, kisha telezesha hadi Somo la Pili. Ni sentensi moja tu, lakini inaweza kumwokoa mtu jioni nzima ya kubahatisha, na kila dakika ya kubahatisha inakula bando alilolinunua kwa shida.

Meza nayo ina masharti yake

Wapo watakaosema: basi wapewe kompyuta, yaishe. Wazo ni jema, lakini meza ina masharti. Maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Kabianga, ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Bomet, au ya taasisi yoyote ya kiufundi katika eneo hili hutumika kwa zamu, na huwa na saa za kufunga. Anayeishi mbali hulipa nauli ili aifikie. Mama anayesoma akiwa na mtoto mchanga hawezi kuondoka saa kumi jioni. Mchumaji chai anayejiendeleza huwa huru usiku, wakati ambapo maabara imefungwa. Tena nyanda hizi zina mvua za alasiri, radi na mawe. Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani huzimika na kazi isiyohifadhiwa, lakini simu yenye chaji huendelea.

Kwa upande mwingine, simu nayo haimilikiwi kwa utulivu. Hiyohiyo ndiyo inayoingiza M-Pesa, inayopigiwa na shangazi kuhusu matanga, na inayotumiwa na wadogo zake kutazamia video. Mtihani wa dakika 40 ukiwa unaendelea, simu inaita. Akiipokea, ukurasa unaweza kufungika. Asipoipokea, ataulizwa mbona alimpuuza mzee. Hakuna mkufunzi aliyeketi Nairobi anayeliona tukio hilo. Anachokiona ni alama 11 kwa 30.

Kilicho hatarini

Tusidhani haya ni mambo madogo ya starehe. Uchumaji chai kwa mkono umezilea familia nyingi za Kericho na Bomet kwa karibu karne nzima, na sasa kazi hiyo inapungua. Mei 2023 waandamanaji waliteketeza mashine za kuchumia chai Kericho kwa hasira ya kupoteza ajira. Mtoto wa mchumaji anajua kwamba hatairithi kazi ya mzazi wake hata angeitaka. Anaambiwa ajisajilie kozi, apate cheti, au ajiunge na kazi za mtandaoni ambazo serikali imekuwa ikizipigia debe tangu mpango wa Ajira uanze mwaka 2016. Ila nyingi ya kazi hizo, kama vile kunakili sauti kwa maandishi, kutafsiri na kuingiza data, zinahitaji vidole kumi juu ya baobonye. Aliyesoma miaka minne kwa kidole gumba atashindana na aliyesoma mezani, na atashindwa kwa kasi, si kwa maarifa.

Tukiwapa wanafunzi wote kazi ileile, kwa muda uleule, na kuwapima kwa alama zilezile bila kujali chombo, tunapima utajiri wa mzazi kisha tunaliita tokeo hilo ufahamu wa lugha.

Tufanye nini?

Kwanza, kazi zigawanywe kulingana na chombo. Kusikiliza, kutamka, kujadiliana, kukumbushwa msamiati na kujibu maswali mafupi kupelekwe kwenye simu, kwa kuwa hapo ndipo simu inapong'ara. Insha ndefu, uchambuzi wa shairi na tasnifu vipangiwe meza, na mwanafunzi atengewe saa za kuifikia meza hiyo. Maktaba za umma na vituo vya kidijitali vya maeneobunge vinaweza kuwa meza ya asiye na meza, iwapo vitafunguliwa jioni na wikendi.

Pili, mwandishi wa kozi aijaribu kozi yake kwenye simu ya bei nafuu kabla ya kuitoa. Shairi likivunjika kwenye kioo, aliweke kama picha inayotanuka. Maswali yawekwe chini ya kila ubeti unaohusika badala ya kurundikwa mwishoni. Video ya saa nzima ikatwe vipande vya dakika nane au kumi, na pawe na sauti pekee kwa asiyeweza kugharimia picha.

Tatu, mitihani ya mtandaoni iwe na subira. Mwanafunzi aliyekatizwa na simu au umeme aruhusiwe kurudi alipoachia.

Nne, sisi walimu wa Kiswahili tufundishe uchapaji na uhariri kama stadi za lugha. Tumwonyeshe mwanafunzi jinsi ya kubadilisha baobonye ya simu iwe ya Kiswahili. Hatua hiyo huchukua dakika mbili, na wengi hawajawahi kuambiwa kwamba ipo. Tumfundishe kuinakili aya yake, kuisoma kwa sauti na kusikiliza kama p na b zimekaa mahali pake. Sikio lake likishanolewa, litakamata kosa ambalo kamusi ya mashine imelipitisha.

Tano, kwa mwanafunzi anayesoma makala haya kwenye simu yake hivi sasa na ana insha ya kuwasilisha Ijumaa: iandike rasimu kwa kalamu na karatasi kwanza. Kalamu haina mstari mwekundu wala haikugeuzii sana kuwa sauna. Ukishapata mtiririko wa hoja, tafuta kompyuta kwa saa moja tu, shuleni, maktabani au kwenye saiba, uichape na kuihariri. Kama kompyuta haipatikani kabisa, ichape kwenye simu aya kwa aya, uzime data ili jumbe zisikuchokonoe, na uipitie kesho yake asubuhi macho yakiwa mapya. Halafu mwandikie mhadhiri wako, kwa Kiswahili kamili na kwa adabu, umweleze kwamba unasomea kwenye simu. Huenda hajui.